Ua la Mzee Luhaga

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo tunavyofundishwa. Basi jueni kwamba siku ile mdomo wa Prudencia haukuwa na hatia yoyote. Ulikuwa umefumbwa, umejaa kiazi kitamu. Kilichoponza kilikuwa kidole gumba, na kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mama yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kama kawaida ya kila Jumamosi, Prudencia alipanda na ndoo ya maji kwenye mawe yaliyo nyuma ya nyumba yao, Kirumba, jijini Mwanza, akamwagilia maua. Mama yake, Immaculata, alikuwa fundi cherehani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maua. Kwa kuwa ua wote ulikuwa mwamba mtupu, aliyapanda kwenye makopo ya rangi, madumu yaliyokatwa na hata sufuria zilizotoboka, akayapanga kwenye nyufa za mawe. Hakuwa peke yake. Wapenda maua wa jijini walikuwa na kundi lao la simu, Maua ya Mawe, lenye watu themanini na kitu. Humo walitumiana picha, wakaahidiana mbegu, wakaulizana maswali.

Kwa kuwa mikono ya Mama ilikuwa kwenye cherehani kutwa nzima, Prudencia, mwanafunzi wa darasa la saba, ndiye aliyepiga picha na kujibu watu kwa simu ya mama yake.

"Jibu vizuri," Mama alizoea kumwambia bila kuinua macho. "Jina ni langu."

Mwanzoni Prudencia alimsomea mama yake kila jibu kabla ya kulituma. Siku hizi hakusoma tena. Watu walikuwa wakiandika, "Asante, wewe ni mtaalamu," naye akatabasamu peke yake, utaalamu umemkaa kichwani kama kilemba.

Asubuhi hiyo aliona picha mpya. Ndani ya beseni la bluu palikuwa na mmea wenye majani manene yanayong'aa na ua la zambarau lililosimama wima. Aliyeituma ni Mzee Luhaga wa Pasiansi. Miezi saba alikuwa kundini, na hakuwahi kutuma kitu. Chini ya picha aliandika: "Habari zenu wapenda maua. Hili ndilo ua langu la kwanza. Nimeliokota ufukweni, na sasa limezaa watoto watatu..." Maelezo yalikuwa marefu, hivyo simu iliyakata na kuweka maneno "soma zaidi". Prudencia hakusoma zaidi.

Alhamisi tu Mwalimu Chenge alikuwa amewafundisha kuhusu magugu maji: jinsi yanavyozaana upesi, yanavyoziba mialo ya wavuvi na kuwanyima samaki hewa. Prudencia akapata furaha ya mtu aliyekutana na asiyejua jambo ambalo yeye mwenyewe amelijua juzi. Akaandika:

"Hilo siyo ua, ni gugu maji! Hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Mzee, umeishi Mwanza kwa macho gani? Kesho utatuletea picha ya majani ya ng'ombe?"

Akaongeza emoji nne za kucheka mpaka machozi. Akatuma.

Dakika tatu hazikupita, kundi likawaka. "Kafuga gugu!" akaandika mmoja. "Mwakani atafuga mbu," akaandika mwingine. Prudencia alicheka mpaka kiazi kikampalia. Kisha ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Mzee Luhaga ameondoka kwenye kundi.

Kicheko kikamkauka. Upesi akabonyeza ujumbe wake ili aufute. Simu ikamuuliza: ufutwe kwako, au kwa wote? Kwa haraka yake akabonyeza la kwanza. Ujumbe ukatoweka, naye akashusha pumzi. Hakujua kwamba ulikuwa umetoweka kwenye simu ya mama yake tu.

Kesho yake, baada ya misa, Mama Getruda, mwenyekiti wa kundi, aliwasubiri nje ya kanisa akiwa na wanawake wengine watatu.

"Immaculata, yule mzee wa watu amekukosea nini?"

"Mzee yupi tena?"

"Luhaga. Yale maneno uliyomwandikia jana."

"Mimi? Sijamwandikia mtu neno." Mama akatoa simu, akaifungua mbele yao. "Tazama mwenyewe. Naona wengine wanacheka, mimi simo."

Mama Getruda akatoa yake. Na wale watatu wakatoa zao. Maneno yalikuwepo kwenye simu zote nne, na juu yake jina: Immaculata.

"Kuandika umeandika, kufuta umefuta, na sasa unakana hapa hapa mlangoni mwa kanisa," akasema mmoja wao. "Haya makubwa!"

Mama alisoma maneno yale mara mbili. Prudencia aliiona shingo ya mama yake ikiinama taratibu, shingo ambayo hakuwahi kuiona ikiinama mbele ya mtu. Uso ulimuwaka moto. Hakuna aliyemtazama yeye, hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, yangepita. Lakini angemwacha mama yake aitwe mwongo na watu waliomheshimu miaka yote.

"Ni mimi," akasema.

"Sema wakusikie," Mama akasema bila kugeuka.

"Ni mimi niliyeandika! Na ni mimi niliyefuta. Mama hakujua."

Wanawake wale wakatazama chini, kila mmoja akishughulika na khanga yake. Mama akarudisha simu kwenye mkoba. "Twende Pasiansi."

"Mama, si nimtumie tu ujumbe wa..."

"Ujumbe umeshatuma. Unatosha."

Kwa maelekezo ya Mama Getruda, walimkuta Mzee Luhaga barazani akimenya maharage mabichi. Beseni la bluu lilikuwa pembeni, tupu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wageni wa Dorotea? Binti yangu ametoka."

"Tumekuja kwako, babu. Mimi... yale maneno ya jana kundini, niliyaandika mimi. Nisamehe."

Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Wewe? Mimi nilidhani ni mama mzima mwenye meno makali. Kumbe ni katoto!" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na miwili. Abiria wamenitukana matusi ya kila rangi. Lakini hao niliwaona uso, nikawajibu. Ninyi mlinichekea mfukoni mwangu, watu themanini, na sijui hata mmoja. Simu nimeifungia kabatini."

Prudencia akakosa pa kuweka macho.

"Uliuliza nimeishi Mwanza kwa macho gani," mzee akaendelea. "Nimeishi Malampaka. Ziwa tulikuwa tunalisikia tu. Hapa nina miezi minane. Haya, niambie, ni gugu kweli?"

"Ni gugu, babu."

"Sasa mbona hamkunijibu swali langu?"

"Swali gani?"

Mama alifungua simu, akaitafuta ile picha, akabonyeza "soma zaidi". Akasoma kwa sauti: "Jirani yangu Venant ana bwawa la sato. Nataka nimpe hao watoto watatu wapendezeshe maji. Naomba wenye ujuzi mniambie kama wana madhara kwa samaki."

Prudencia akamgeukia mzee. "Babu, umempa?"

"Jana jioni. Nilingoja jibu, nikapata vicheko."

"Lakini nilisema ni gugu!"

"Nilijua ni tusi tu. Mtu anayekuonya hachekicheki. Nyie mnaosomasoma vitabu vinene, mistari minne imewashinda kumaliza?"

Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba ya pili. Ile mimea mitatu ilikuwa inaelea katikati, inang'aa bila haya. Prudencia hakungoja kuambiwa. Alivua viatu, akaingia na gauni lake la misa, maji yakamfika kiunoni, tope likamshika miguu. Akaanguka, akainuka, akaikamata mmoja baada ya mwingine.

"Binti, umekuja kubatizwa mara ya pili?" Venant akauliza kutoka ukingoni.

Aliitoa yote, akarudi kutafuta vipande vya mizizi vilivyokatika, kisha akaianika juu ya jiwe kavu mbali na maji. Huku akitetemeka, akawaeleza polepole mambo yote aliyofundishwa: jinsi gugu moja linavyozaa mengi, linavyofunika maji, na samaki wanavyokosa hewa. Hakucheka hata mara moja. Wazee wale walisikiliza mpaka mwisho, wakauliza maswali, naye akajibu.

"Kumbe unajua kueleza," Mzee Luhaga akasema. "Hilo la jana lilikuwa nini?"

Mama akampa binti yake simu. Hapo hapo, matope yakimdondoka, Prudencia akarekodi sauti yake kwa ajili ya kundi zima: jina lake, kosa lake, na kwamba mama yake hakuhusika. Mama Getruda akajibu kwa kumrudisha Mzee Luhaga kundini. Mzee alisema atakwenda kuitoa simu kabatini, lakini kwanza amalize maharage.

Njiani watoto wa Pasiansi waliwafuata. "Kambale! Kambale huyo!" walimwimbia Prudencia, naye machozi yakamtoka.

"Mama, ungeweza kunisemea. Nimeaibika kanisani, nimeaibika kwa babu, na sasa barabarani. Hata pole hujaniambia."

Mama alisimama.

"Ulichokijua kilikuwa kweli, Prudencia, na kingeokoa samaki wa mtu. Lakini ulikivika kejeli, na mzee akaiona kejeli tu. Siku nyingine soma mpaka mwisho ndipo ujibu. Na kabla ya kutuma, jione umesimama barazani kwake, anakutazama. Kama huwezi kuyasema hapo, usiyaandike. Aibu unayoisikia leo, yeye aliisikia jana, na hakuwa na kosa lolote." Akamfuta tope shavuni kwa ncha ya khanga. "Pole ya maji baridi nitakupa. Ya aibu, hapana. Nimekupitisha humo kwa makusudi, na ukirudia nitakupitisha tena. Kwa hilo sikuombi radhi, si leo wala kesho."