Pengo Chini ya Mlango

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, basi la wanafunzi lilimshusha mjukuu wangu Darka mbele ya nyumba yetu. Wazazi wake walichelewa kurudi kutoka kazini, kwa hiyo alasiri yote ilikuwa yetu. Alivua mabuti mlangoni, akanywa maziwa ya moto na kipande cha mkate wa asali, kisha akatokea mlango wa nyuma kwenda kwa babu yake kwenye banda la gari. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Gari lenyewe lilikuwa halijalala humo kwa miaka kumi na mitano. Lilikaa nje, limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande, kama magari mengine yote ya mji wetu wa Canora mwezi wa Januari. Banda lilikuwa karakana ya mume wangu, Metro. Humo alitengeneza tsimbali, ala yetu ya muziki yenye nyuzi nyingi, ambayo mpigaji huigonga kwa vijiti viwili vyepesi. Majira yale alikuwa akitengeneza moja kubwa kwa ajili ya ukumbi wa kanisa, na Darka ndiye aliyemshikia mbao wakati wa kuzigandisha kwa gundi.

Gundi haipendi baridi. Ikikaukia kwenye baridi inakuwa kama chokaa, na kazi ya mwezi mzima inaachana. Ndiyo sababu mwezi wa Novemba tulibishana sana kuhusu hita. Mwanangu Taras, baba yake Darka, alileta kitabu cha bidhaa akakifungua mezani.

"Baba, chagua hii ya ukutani," alisema. "Ina mabomba mawili. Moja linavuta hewa kutoka nje, jingine linatoa moshi nje."

"Mpaka utoboe ukuta. Nani anatoboa ukuta Novemba?"

"Basi chukua ya umeme."

"Nyaya za banda lile aliziweka marehemu baba yangu. Nikiwasha msumeno pamoja na kitu kingine, fyuzi inakatika."

Metro akachagua hita ndogo ya gesi, yenye moto wazi na isiyo na bomba lolote, ile ambayo mafundi hutumia kwa kazi za nje. "Ni ya msimu huu tu," alisema. "Kiangazi tutatoboa." Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sikuipenda ile hita, lakini nilinyamaza.

Metro hakuwa mzembe. Kila alipoiwasha, aliuinua kidogo mlango mkubwa wa banda, akaweka kibao chini yake, likabaki pengo la upana wa vidole vinne.

"Babu, tunawapasha joto na majirani?" Darka alimuuliza siku moja.

"Moto nao unapumua, mama," alijibu.

Darka alicheka. Alidhani ni utani, maana babu yake alikuwa mtu wa utani. Naye Metro hakumweleza zaidi.

Jumamosi moja baridi ilifika nyuzi thelathini chini ya sifuri. Darka alikuja asubuhi na rafiki yake Marika. Walimkuta Metro amesimama kando ya benchi lake la kazi akijisugua miguu.

"Upepo wa chini unanila magoti," alisema. "Sijui kama nitamaliza kabla ya sikukuu ya kanisa."

Neno hilo lilimwingia Darka. Huku kwetu, theluji ikiwa nyingi, watu huirundika kwenye kuta za nyumba, kwa kuwa huzuia upepo kama blanketi. Akatoka nje, akachukua mabeleshi mawili.

"Tunamfanyia Babu blanketi," alimwambia Marika.

"Mimi nimekuja kuteleza kwenye barafu, sikuja kuwa kibarua wa ukoo wenu."

"Chimba, mvivu wewe! Tukimaliza tutateleza."

Walirundika theluji kwenye ukuta wa kaskazini, wakazunguka mpaka mlango mkubwa. Hapo Darka akaliona lile pengo, na kibao kikiwa mahali pake. Akalijaza theluji kutoka mwisho huu hadi ule, akaipigapiga kwa beleshi mpaka ikawa ngumu kama saruji. Ndani msumeno ulikuwa unalia, na Metro alikuwa ameupa mlango mgongo. Darka hakumwambia kitu. Alitaka babu yake ashangae mwenyewe kuona magoti hayaumi.

Saa saba Marika alikuwa ameshakwenda kwao. Nikamwambia Darka, "Kamwite babu yako, supu ya kabichi inapoa."

Alifungua mlango mdogo wa banda. Joto zuri lilimpokea usoni. Hita ilikuwa inawaka vizuri tu. Lakini babu yake alikuwa chini, ameegemea mguu wa benchi, shati limechafuka kwa matapishi, na macho yake yalimtazama Darka bila kumwona.

"Taras," alisema, akimwita kwa jina la baba yake. "Taras, zima hiyo kelele."

Hapakuwa na kelele yoyote.

Darka alipiga ukelele ambao sijausahau. Nilikimbia na ndara miguuni. "Vuta pumzi nje kwanza!" nilimwambia. "Sasa shika kola!" Tulimburuta Metro mimi na mtoto yule, mzee mzito namna ile, mpaka tukamfikisha nje kwenye theluji. Kichwa chake kiligonga kizingiti. Nilimpa Darka simu. Alikosea namba mara mbili, lakini mara ya tatu alipata, akataja mtaa na nyumba bila kukosea.

Jirani yetu Lorne alifika kabla ya gari la zimamoto. Kazi yake ni kufunga mitambo ya gesi, na siku za dharura ni mmoja wa zimamoto wa kujitolea. Alivua koti lake kwenye baridi ile akamfunika Metro. Kisha akaingia bandani ameziba pumzi, mkononi kifaa cha kupimia hewa. Kifaa kililia mfululizo. Akafunga gesi, akausukuma mlango mkubwa juu hadi mwisho. Theluji ikaporomoka ndani, wenzake waliofika wakaikanyaga, na hakuna aliyeiuliza imetoka wapi. Huku upepo huirundika popote.

"Ni hewa ya kaboni monoksaidi," Lorne aliniambia. "Haina rangi, haina harufu. Moto ukikosa hewa safi ndio unaoitoa. Dakika ishirini zaidi, mama, na tungekuja kubeba maiti."

Darka alikuwa nyuma yangu. Aliutazama mlango ule, akatazama theluji iliyokanyagwa. Aliniambia baadaye kwamba ni hapo ndipo alipoelewa kuwa maneno ya babu, kwamba moto unapumua, hayakuwa utani. Akakaa chini.

Hospitalini Metro aliwekewa oksijeni usiku na mchana. Kuna muuguzi mmoja ambaye, bila kuombwa, alizianika soksi zake juu ya bomba la joto ili azivae zikiwa na moto. Nilimwombea heri. Jumapili Lorne alikuja kumwona.

"Metro, uliuinua mlango?"

"Niliuinua," Metro alisema, kisha akasita. "Nadhani niliuinua. Sikumbuki vizuri."

Taras, aliyekuwa kando ya kitanda, alijipangusa uso. "Baba, mwezi uliopita ulisahau birika jikoni. Sasa na hili. Hiyo karakana inafungwa."

Walipotoka, Metro alinishika mkono. "Olha," aliniambia, "nimeanza kupotea. Kama mama." Mama yake alikufa akiwa hawajui hata watoto wake. Katika miaka yetu hamsini sikuwahi kumwona mume wangu akiogopa, mpaka siku ile. Nilipogeuka nilimwona Darka mlangoni na ndara za babu yake mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

Jumatatu, kwenye basi la shule, Marika alimsogelea.

"Umesema?"

"Bado."

"Usiseme. Nani alituona? Na babu yako si amepona?"

"Wanasema alisahau mlango."

"Wazee husahau. Wewe ukisema, watu watakuita muuaji."

"Hajafa!"

"Basi ndiyo unyamaze!" Marika alisema, akageukia dirisha. Alikuwa anazitafuna ncha za glavu zake.

Siku zile Darka hakula. Nilipomwekea chakula alikichokora, akasema tumbo linauma. Usiku, mama yake aliniambia, alikuwa anaota na kuita babu yake. Nilidhani ni hofu ya kile alichokiona.

Jumanne Metro alirudi nyumbani. Taras alikuwa ameomba ruhusa kazini, na mchana ule alikuwa bandani akipanga patasi na misumeno kwenye maboksi, vipelekwe kwa fundi mmoja wa mji wa Yorkton. Metro alikaa dirishani jikoni akimwangalia. Hakubisha. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana Metro alibisha hata na redio.

Darka alipotoka shule alikuta mambo yamefika hapo. Taras aliingia na randa ya zamani, mpini wake umelainika kwa mikono ya watu watatu. "Baba, na hii pia? Ilikuwa ya babu."

"Chukua," Metro alisema. "Mtu asiyejua kama alifungua mlango asishike vyuma vikali."

"Aliweka kibao."

Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilifikiri ni redio. Tuligeuka. Darka alikuwa amesimama katikati ya jikoni, mikono imebana mshono wa sweta.

"Nani aliweka kibao?" Taras aliuliza.

"Babu. Mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyeuziba. Kwa theluji. Kwa sababu alisema magoti yanauma."

Taras alipauka. "Darka! Unajua ulichokifanya?"

Mtoto alifumba macho kama anayesubiri kofi. Hakuna aliyemgusa. Metro alishika ukingo wa meza, akasimama.

"Sema tena," alisema.

"Niliuziba, Babu. Nisamehe."

"Siyo hiyo. Ile ya kwanza."

Darka alifumbua macho. "Uliweka kibao, Babu. Nilikiona kwa macho yangu."

Metro alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Nilimkimbilia nikidhani amezidiwa. Kumbe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nilikiweka!" alisema. "Taras, mwanangu, nilikiweka! Kichwa changu kipo!" Akamvuta Darka, akamkumbatia mpaka sweta zao zikawa kama moja.

Tulimwita Lorne. Darka alimsubiri huku amejificha ubavuni kwangu.

"Polisi watakuja?" alimuuliza kabla hajavua kofia.

"Waje kufanya nini? Kumaliza mkate wa bibi yako?" Lorne alisema. Kisha akaketi na sura ikawa ya kazi. "Sikiliza, binti. Hita inayofanya uhai wa mtu utegemee pengo la vidole vinne haifai kuwashwa ndani. Leo umeliziba wewe. Kesho lingezibwa na upepo. Na hakukuwa na kengele hata moja humo ndani ya kumwonya mtu. Hayo ni makosa ya watu wazima."

"Ni yangu," Metro alisema. "Nilimpa mtoto utani mahali pa kumpa somo."

"Na mimi niliona, nikaendelea kuosha vyombo," nilisema.

Jumamosi iliyofuata Lorne na Taras walitoboa ukuta katikati ya Januari, pua zao nyekundu, wakafunga hita yenye mabomba mawili. Waliweka kengele mbili za hewa ya sumu, moja bandani na nyingine nyumbani. Lorne aliwafundisha wasichana kubonyeza kitufe cha kuijaribu kengele kila mwezi, na akawaambia kwamba mtu akiumwa kichwa na kichefuchefu mahali penye moto, atoke nje kwanza, maswali baadaye. Nasema wasichana, kwa sababu Marika naye alikuja. Alisimama mbele ya Metro, akasema haraka haraka, "Na mimi nilichimba." Hakuna aliyekuwa amemtaja.

Metro aliwaketisha wote wawili kwenye benchi.

"Theluji ile mliileta kwa upendo," aliwaambia, "na kwa hiyo siwezi kuwakasirikia. Siku nyingine mkitaka kuziba au kugusa kitu chochote karibu na moto, niulizeni kwanza. Lakini zile siku tatu za kunyamaza, hizo ziliniumiza kuliko hewa ya sumu. Hewa ilitoka kifuani kwa siku moja. Ile hofu kwamba akili inaniacha ingekaa nami mpaka kaburini, na isingekuwa kweli. Siku mkiogopa kusema ukweli, msijiulize tu mtaadhibiwa vipi. Jiulizeni ni nani anayebeba kosa lenu wakati nyinyi mmenyamaza."