Mkono wa Kalunde

Siku ya tatu tangu Mwalimu Kalunde arudi kutoka Uswisi, mafuta ya kupikia yaliganda mkebeni saa saba mchana. Hapa Matiliku, Makueni, mwezi wa Januari, mafuta hukaa kama maji. Alichomeka kijiko, kijiko kikasimama wima.

"Labda mkebe ulikaa kivulini," akasema mumewe, Musyoka, macho yake kwenye gazeti.

"Kivuli gani, Baba Ndolo? Ulikuwa dirishani, juani."

"Basi ni wewe umetuletea baridi ya wazungu." Akacheka peke yake.

Hilo ndilo lililomkera. Likizo ya Desemba ya mwaka 1986, marafiki wa kanisa lao walimwalika Uswisi kwa wiki mbili, na tangu arudi watu walitaka kusikia habari za ndege na chokoleti tu. Akianza kueleza yaliyompata mlimani, walidhani anajivuna.

Mwenyeji wake, Ursula, alimfunga mbao ndefu miguuni amfundishe kuteleza kwenye theluji. Kalunde akateleza kweli, akaipita miti, akatumbukia shimoni hadi shingoni. Mkono ukamshika, ukamvuta juu. Ulikuwa mwembamba, hauna glavu. Theluji ikiwa bado machoni, alisema kama ambavyo angesema mtu yeyote aliyelelewa vizuri, "Asante. Na wewe karibu kwetu." Alipojifuta macho hakuona mtu, wala nyayo zozote.

Sasa nyumba ilinuka mti mbichi wa baridi, mti usioota popote Makueni. Maji ya mtungini yaliuma meno. Mchungaji alimwombea dakika mbili, kisha akamshauri apimwe malaria. Zahanati wakampa vidonge. Alivimeza kwa hasira, akijua anaponya ugonjwa asiokuwa nao.

Jumamosi mchana, mkwewe Mutindi, mke wa Ndolo, akiwa uani anaanua nguo, Kalunde alisikia hatua chumbani alikolala mjukuu wake Mumbua, wa miezi mitano. Hatua za polepole, kama za mtu anayekanyaga chumvi ya mawe, zikaenda hadi kitandani zikasimama, naye akasukuma mlango uliokuwa mzito kana kwamba kuna bega upande wa pili, akaingia kwenye baridi iliyomkata pumzi, akamkuta mtoto macho wazi, midomo ya buluu, halii, anatazama juu kama anayebembelezwa na mtu aliyeinama.

Walimpeleka juani, wakamsugua mgongo hadi akalia.

"Mwaitu, mama yangu, ni nini hiki?" Mutindi alinong'ona. "Nyumbani kwenu kuna nini?"

Musyoka, mzee wa kanisa, hakubishana tena. Alipanda basi la kwenda Kitui, akarudi kesho yake na Maalim Yakub, aliyesifika kwa kutoa mashetani kwa kisomo.

Maalim alikaa chumbani na chetezo cha ubani. Alisoma, akaongeza ubani, akasoma tena. Makaa yakazima. Akayawasha, yakazima.

"Nimesoma mara tatu," akasema kwa sauti ya chini, amechoka na ameudhika. "Hasogei. Mwalimu, ulimwambia nini huyu?"

Kalunde akamweleza. Alikuwa mtu wa kwanza kumsikiliza hadi mwisho.

"Basi mimi simwezi. Mgeni ni wako, umsindikize wewe. Mshike mkono, umtoe hadi ng'ambo ya soko, na usimwambie neno zuri hata moja."

Kalunde alinyoosha mkono hewani. Ukashikwa.

Alipita sokoni hivyo, mkono mbele, watu wakimtazama na kunong'onezana. Kila hatua vidole vile vilizidi kumbana, na walipofika kwenye mto mkavu, ng'ambo ya soko, vikaanza kutetemeka, kama vya mtu anayeomba, naye akauma ulimi asije akasema pole. Akaukung'uta mkono wake kwa nguvu. Vikaachia. Mchangani palibaki doa la maji, likakauka akilitazama.

Jioni ile mafuta yaliyeyuka. Mumbua alinyonya na kutoka jasho, na Musyoka akamletea mkewe chai mwenyewe.

Mwezi mmoja baadaye picha za Ursula zilifika kwa posta. Musyoka alizipitia moja moja, safari hii akiuliza maswali, na Kalunde akajibu kwa furaha. Alifika kwenye picha ya mji wa kale wa Bern, Kalunde amesimama chini ya mnara wa saa. Akaisogeza karibu na macho.

"Hii ni baada ya kuanguka mlimani?"

"Hapana. Hiyo ni siku niliyofika. Mlimani tulienda wiki iliyofuata."

Akampa picha, akamwonyesha mkono wa koti alilovaa pichani. Vidole vitano vyeupe, vyembamba, vilikuwa vimeushika, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Basi mgeni yule hakuwa ameitwa na yeyote.

Musyoka aliinuka, akaenda chumbani kumgusa mtoto miguu, aone kama bado ina joto.