Unga Uliobaki Kooni

Kila siku ya shule niliianza vilevile: kuamka, kutawadha, kuswali, kisha kuvuta dawa ya pumu kabla ya chai. Tulikaa Mlandege, Iringa, ambako baridi ya asubuhi hukaba hata vifua vya watu wazima wenye afya. Dawa yangu ilikuwa ya kupuliza. Baba alichomeka pampu kwenye tundu lililotobolewa kitakoni mwa chupa tupu ya maji, akabonyeza, nami nikavuta taratibu kwa upande wa mdomo wa chupa huku akinihesabia pumzi. Baba yangu, Muharami, alikuwa muuza vitambaa. Ameshafariki. Kisa hiki hakumsimulia mtu yeyote, ndiyo maana nakiandika mimi.

Nilikuwa darasa la sita. Wasichana wa madrasa waliijua ile chupa, na mmoja wao aliwahi kuniuliza kama nyumbani huwa nanyonyeshwa kama ndama. Kwa hiyo tulipokwenda kliniki na Nesi Faustina akasema dawa ya kupuliza imekwisha, nitahamia ya unga isiyohitaji chupa, nilifurahi kupita kiasi. Chombo chenyewe kilienea kwenye kiganja. Baba alikuwa ametoka kwenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa. Nesi alieleza, akaonyesha, akaeleza tena, na mimi muda wote huo nilikuwa nawaza nitakavyokitoa mfukoni mbele ya wenzangu.

"Umeelewa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Njiani Baba alitaka kujua inavyotumika. Nikamwambia hii ni rahisi, asihangaike, nitavuta mwenyewe.

Nilivuta taratibu, kama nilivyozoea kwenye chupa. Unga uliacha utamu kidogo ulimini. Utamu ule ulinikumbusha asali na habasoda ya Bibi yangu wa Ilomba, Mbeya. Bibi akikulambisha dawa yake ya kifua, hakuruhusu ugusie maji. Alisema iache ishike koo. Nilikumbuka kwa mbali kwamba nesi alitaja maji, lakini nikaamua kumfuata Bibi. Asubuhi na jioni niliuacha unga ule kooni na kujiona hodari.

Mwaka huo Ustadhi Iqbal alikuwa amenichagua kuongoza kaswida siku ya Maulidi. Shufaa, rafiki yangu na jirani yetu, alikuwa msaidizi wangu. Wiki ya tatu ya dawa mpya, sauti yangu ilianza kukwaruza. Nikifika sehemu za juu inakatika. Ustadhi alinivumilia siku mbili, siku ya tatu akamwambia Shufaa ajaribu kuongoza. Sauti yake ilitoka safi kabisa.

Baada ya mazoezi wasichana walinizunguka wakiuliza nimepatwa na nini. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilisema, "Tangu siku ile Shufaa aliponisifu sauti mbele ya watu, koo limenishika."

Sikutaja kijicho. Sikuwa na haja ya kukitaja.

Kesho yake Shufaa alipokuja kukaa mkekani, mmoja alisogea na kumwambia, "Mimi usinisifu, tafadhali, nina sura ya kusoma kwa moyo leo." Wenzake wakacheka. Nikacheka na mimi. Shufaa hakuwatazama wao, alinitazama mimi tu. Siku tatu zilizofuata hakuja madrasa.

Wakati huohuo kifua changu kilizidi kubana. Nikipanda kwenda madrasa nilisimama mara mbili njiani, nikawa navuta ovyo pampu yangu ya bluu, ile ya kufungua kifua kikibana. Moyo ulinienda mbio na mikono ikatetemeka, hata siku moja nikamwagia chai kitambaa cha meza. Baba aliniangalia mikono, akaweka kikombe chini, na saa hiyohiyo tukaondoka kwenda kliniki.

Nesi Faustina alinifungua kinywa. Ulimi na kaakaa vilikuwa na madoa meupe kama maziwa yaliyoganda. Alinipa chombo, akataka nimwonyeshe ninavyovuta. Nikavuta taratibu. Akainua mkono kunisimamisha.

"Ile ya chupa ndiyo ya taratibu," alisema. "Hii ya unga unaivuta kwa nguvu, kwa mkupuo mmoja hadi mwisho, halafu unabana pumzi. Ukiivuta kivivu unga unaishia kooni na kifua kinabaki na njaa. Ukimaliza unasukutua na kutema?"

"Hapana."

"Sikukwambia?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

"Uliniambia," nikasema. "Sikuwa nasikiliza."

Nesi hakunifokea, na nilitamani afoke. Alitueleza kwamba dawa ikibaki kinywani hukwaruza sauti na kuleta yale madoa, na kwamba mtetemeko ulitokana na kuirudia mno pampu ya bluu. Alinionya nisije nikaacha dawa ya kila siku kwa uamuzi wangu. Alinipa dawa ya matone ya kinywani, akanitaka nirudie kuvuta mara tatu mpaka akaridhika.

Tulipokaribia nyumbani Baba alisema Mama Shufaa alimfuata dukani kumuuliza mwanawe ametukosea nini. Nikamweleza yote, hata kicheko. Tulipofika mlangoni kwa Shufaa, akabisha hodi.

Nilisema niliyopaswa kusema, macho yangu yakiwa kwenye kizingiti. Mama Shufaa ndiye aliyejibu: "Uliyasema mbele ya madrasa nzima, mwanangu. Hapa tuko wanne tu."

Kesho yake nilisimama mbele ya mikeka yote na kusema kwamba Shufaa hakunifanya kitu. Kwamba sikumsikiliza nesi, nikaidanganya nafsi yangu na kuwadanganya wao. Sauti ilikuwa bado mbovu. Waliokaa nyuma hawakusikia, na Ustadhi akaniomba nirudie. Nikarudia, neno kwa neno. Nilipokwenda kukaa, Shufaa alivuta gauni lake kunipisha.

Siku ya Maulidi aliongoza yeye. Mimi nilikuwa kwa waitikiaji. Kifua kilikuwa kimefunguka, na sauti ilikuwa inarudi kidogokidogo. Tukirudi nyumbani Baba alipunguza mwendo tukawa peke yetu.

"Mama," aliniita, kama alivyopenda kuniita, "kutoelewa ni jambo la dakika moja. Unauliza, linakwisha. Wewe ulisema umeelewa, na uongo ule haukukubali kukaa peke yake. Ulitafuta mtu wa kuubeba, ukamkuta rafiki yako. Ukipewa dawa mpya, au kazi mpya, uliza mpaka anayekufundisha achoke. Hakuna atakayeumia."

Tulitembea kidogo. Kisha nikamuuliza kama bado ananionea aibu.

"Nilikuonea aibu kwa kile kicheko," alisema. "Ulipoambiwa urudie, ukarudia, iliisha."