Nani Alimwona Korongo?

Kila Alhamisi asubuhi Radina alishuka basini karibu na soko la mji wa Plovdiv, akanunua kipande cha banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, akakila huku akitembea, na kufika chuoni vidole vikiwa bado na mafuta. Masomo mengine alichelewa bila aibu. Somo la blogu hakulichelewa hata siku moja.

Alhamisi hii, mwishoni mwa Mei, ilikuwa mwisho wa somo hilo. Mwalimu Tsenova, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliandika ubaoni: "Somo hili limekuachia nini?" Kisha akawageukia. "Andikeni, halafu tusomeane. Na swali langu mnalijua."

"Nani aliona?" darasa zima likaitikia kwa kicheko.

Ndilo lilikuwa swali lake tangu siku ya kwanza. Ukimletea makala kuhusu mvua, mgomo wa mabasi au harusi ya jirani, alikuuliza hilo hilo. Kama hukuona wewe, na hukumtaja aliyeona, alikurudishia kazi yako.

Wenzake walianza kuandika. Radina aliitazama skrini, mikono imelala mezani. Rafiki yake Momchil, aliyekaa kando yake, akamnong'oneza, "Vipi, mtabiri wa korongo, leo umeishiwa?"

"Nyamaza wewe," Radina akasema, lakini alitabasamu. Zamani kidogo utani huo ulimuuma.

Mambo yenyewe yalianza Machi. Tarehe mosi, kama kila mtu, Radina alifungwa mkononi martenitsa, uzi uliosokotwa kwa rangi nyekundu na nyeupe. Mtu huuvaa mpaka korongo wa kwanza arudi kutoka Afrika. Hapo huuvua, akaufunga kwenye mti wa matunda, na majira ya baridi yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Huko Topolka, kijijini kwa bibi yake, korongo ana kiota juu ya bomba la moshi la shule ya zamani, shule iliyofungwa kwa kukosa watoto.

Radina alimwahidi mwalimu makala kuhusu kurudi kwa korongo huyo. Lakini Jumamosi aliyopanga kwenda, theluji ilinyesha pamoja na mvua, kitanda kilikuwa na joto, na jioni Momchil alikuwa na tiketi za dansi. Radina akaenda dansini. Siku ya kukabidhi kazi ilipofika, akajiambia: si hurudi kila mwaka wakati huu huu? Akatoa simuni picha ya mwaka uliopita. Akaandika kwenye blogu yake jinsi korongo alivyotua, alivyogongesha mdomo wake, na jinsi bibi alivyovua uzi na kuufunga kwenye mti wa plamu. Ilikuwa makala tamu kweli. Mwalimu alipouliza, "Nani aliona?" alijibu "Mimi" bila kupepesa macho.

Mpaka siku hiyo, waliomwandikia maoni kwenye blogu yake walikuwa shangazi yake na Momchil tu. Kesho yake akakuta maneno ya mtu asiyemjua.

"Mdogo wangu, naitwa Zlatina, mzaliwa wa Topolka. Nafungasha samaki kiwandani Uskoti, na huku korongo hawafiki. Kila mwaka baba yangu alikuwa ananipigia simu: 'Vua, mwanangu, amefika.' Baba tulimzika vuli iliyopita. Nilijua mwaka huu hakuna wa kuniambia. Leo wakati wa chai nimekusoma, nikalia mbele ya wenzangu. Nimevua uzi wangu, nimeufunga kwenye mtufaha nyuma ya kiwanda. Mungu akubariki."

Radina aliyasoma tena na tena. Maneno aliyoyaandika kitandani, amevaa soksi, yalikuwa yamevuka nchi na bahari, yakamfikia mtu, yakamfungua uzi mkononi! Hakujua kwamba jambo kama hilo linawezekana. Alikaa akiitazama simu yake kwa mshangao, kama mtu aliyegonga ukuta akasikia sauti ikimwitikia upande wa pili.

Kisha hofu ikamshika. Akampigia bibi yake.

"Korongo gani?" Bibi Velika alishangaa. "Huku theluji ingali barazani! Uzi wangu huu hapa mkononi, umeshakuwa mweusi kwa masizi. Na kiota chenyewe upepo umekibomoa nusu. Sijui hata kama mwaka huu atakitaka. Nani kakudanganya, binti wewe?"

Radina akakata simu, akamtafuta Momchil.

"Tulia," Momchil alimshauri walipokutana. "Atafika wiki ijayo, nani atajua? Au ifute makala yako kimya kimya, yaishe."

"Na uzi wa yule dada? Nao nitaufuta vipi?"

Radina alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Tsenova, uso umemwiva kwa aibu. "Mwalimu, sikumwona korongo. Nilidanganya."

Mwalimu akamjibu, "Nimekusikia. Lakini aliyevua uzi si mimi. Kamwambie aliyeuvua."

Mchana huo Radina aliandika kwenye blogu, juu kabisa, mahali pa kuonekana na kila mtu: "Sikwenda Topolka. Korongo hajafika. Picha ni ya mwaka jana. Dada Zlatina, nimekukosea, nisamehe." Darasani wakamcheka, wakampa lile jina la mtabiri. Hilo alilivumilia. Lililomkosesha raha ni ukimya wa Zlatina. Siku zilipita bila neno, naye kila mara alichungulia simu.

Hatimaye jibu likaja. "Nilikasirika, sikufichi. Nimeufungua uzi wangu mtini, umelowa chapachapa, nimeuvaa tena. Nangoja. Ila safari hii nenda ukaangalie."

Radina akaenda. Jumamosi ya kwanza alikaa na bibi yake kwenye benchi mbele ya shule, pua nyekundu kwa baridi, wasione kitu. Akaandika: "Leo hajafika. Tumeona mimi na Bibi Velika." Alijiuliza, nani atajali habari ya ndege ambaye hayupo? Lakini maoni yalimiminika. Walikuwepo watu wa Topolka walioko Ugiriki, Ujerumani, hata Kanada, kila mmoja na uzi wake mkononi. Mmoja aliulizia kisima, mwingine akauliza kama mlango wa shule bado ni wa kijani. Radina alizunguka kijijini akiangalia, na akiwajibu. Kijiji ambacho nyumba zake nyingi zimefungwa kumbe kilikuwa na watu tele, na wote walikuwa wakingoja kitu kimoja. Alistaajabu mpaka akasahau baridi.

Jumamosi iliyofuata, bibi akianika nguo, kivuli kilipita juu ya mashuka. Wakainua macho. Korongo alizunguka mara moja juu ya shule, akashusha miguu yake mirefu, akatua kwenye nusu ya kiota, kisha akagongesha mdomo hadi mtaa mzima ukasikia.

"Mtazame!" bibi alisema, machozi yakimtoka. "Ametoka Afrika huko kwa mbawa zake, na shule yetu hajaisahau."

Radina alipiga picha kwa haraka, ikatoka na ukungu. Aliiweka hivyo hivyo, akaandika: "Amefika. Nimemwona." Haikuchukua muda, picha nyingine ikaja kutoka Uskoti: tawi la mtufaha, na juu yake uzi uliofifia.

Hayo yote Radina aliyaandika Alhamisi ile ya mwisho, akawasomea wenzake. Alipomaliza, hakuna aliyecheka.

Mwalimu Tsenova alifuta ubao polepole. "Sikilizeni, wanangu," alisema. "Anayekusoma ni mtu ambaye hawezi kwenda kuangalia mwenyewe. Ndiyo maana anakusoma. Amekuamini, akatumia macho yako kana kwamba ni yake. Ukimdanganya, umemnyang'anya macho. Ukikosea, mwambie mapema, mbele ya wote, kisha nenda ukaangalie. Mengine yote niliyowafundisha mnaweza kuyasahau."

Kengele ikalia, lakini hakuna aliyeharakisha kutoka. Radina alipokuwa akifunga mkoba wake, simu ikatikisika. Alikuwa Zlatina.

"Makinda wameshaanguliwa?"

Radina alifikiri kidogo. Kwa kawaida, wakati huu huwa wameshaanguliwa. Akaandika: "Sijui, dada. Jumamosi nakwenda kuangalia."