Goti la Leonard Tromans

Brenda Tromans aliligundua jambo hili kwenye suruali. Zilikuwa suruali tatu za siku tatu, na zote zilikuwa na unyevu mahali pamoja, juu kidogo ya goti la kulia. Alizinusa moja moja jikoni, akazisukumia kwenye mashine ya kufulia, kisha akaenda kusimama sebuleni, mikono kiunoni.

"Len, umekula chipsi."

"Sijala."

"Usinifanye mjinga. Suruali zako zinanuka siki ya chipsi tupu. Daktari alikwambia nini kuhusu mafuta?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu, Brenda."

Brenda hakumwamini. Katika miaka arobaini na minne ya ndoa, mumewe alikuwa ameliapia kaburi lile mara nyingi mno, hata kwa matokeo ya mpira. Lakini safari hii Leonard alikuwa anasema kweli, na alikuwa ameanza kuogopa, kwa sababu alikuwa ameuhisi unyevu ule ukiingia. Kila ilipofika saa saba mchana, akiwa kwenye kochi lake, goti la kulia lilipata joto, kisha likalowa, kisha likaelemewa na kitu, kama paka amepanda. Hawakuwa na paka.

Leonard alikuwa fundi minyororo mstaafu wa mji wa Tipton, mtu wa maneno mengi na kichwa kigumu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: ngumi za kale. Si zile za kwenye runinga. Hizo za glavu aliziita mchezo wa mito. Yeye alipenda ngumi kavu za miaka mia mbili iliyopita, zilizopiganwa malishoni mchana kweupe huku watu wakichungulia kama mahakimu wanakuja kuwakamata. Yeye na Winifred Fereday, mwalimu mstaafu, ndio waliobaki katika kamati iliyokuwa na watu saba. Wengine walikuwa wameshazikwa. Kila Jumanne walikaa chumba cha nyuma cha baa iliyo kando ya mfereji, mikate ya jibini na kitunguu mezani, wakasoma nakala za magazeti ya zamani na kumtolea hukumu kila mpiganaji: nani alikuwa dume, nani wa kawaida, nani mwoga, nani aliuza pambano. Kila mmoja alikuwa na kadi yake ndani ya sanduku la mbao.

Walikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ushahidi ni gazeti tu. Vitabu vya kanisa na simulizi za familia havikutakiwa, maana hakuna familia pale ambayo haina babu aliyewapiga wote. Ya pili, kadi ikishaandikwa kwa wino haifutwi. Leonard alikuwa na miaka thelathini na moja bila kufuta hata moja, na alipenda kukukumbusha.

Jumanne iliyotangulia suruali zile walikuwa wamemhukumu Job Hingley, mfua misumari, aliyepigana na Isaac Cope mwezi Mei mwaka 1828. Enzi hizo raundi iliisha mtu anapoanguka. Aliyeanguka alipewa nusu dakika ya kupumua, na kwa kuwa hakukuwa na kiti, msaidizi wake alipiga goti moja chini na kumkalisha kwenye goti la pili. Halafu iliitwa "Wakati!" na mtu alitakiwa ainuke aende kwenye mstari uliochorwa katikati. Asiyefika mstarini ameshindwa. Mikono waliiloweka kwenye siki ngozi ipate kukomaa, na walipopumzika walinyonya machungwa.

Gazeti lilisema kwamba baada ya raundi ya arobaini Hingley alikalishwa gotini, wakati ukaitwa, naye akabaki pale pale, na watu wakamzomea kwamba ameuza pambano.

"Ni gazeti moja tu, Leonard," Winifred alisema.

"Linatosha. Mtu hajavunjika mfupa, amekaa tu gotini kwa mwenzake kama bibi harusi!"

"Labda alikuwa ameumia ndani."

"Labda, labda! Ukiwa na labda nyingi hivyo nenda kafundishe shule ya Jumapili." Akacheka mpaka povu la bia likamwingia puani, akaandika kwenye kadi ya Hingley: Mwoga. Aliuza pambano. Na kwenye kadi ya Cope: Alishinda.

Kesho yake, saa saba mchana, ndipo goti lilipopata joto kwa mara ya kwanza.

Kufikia wiki ya pili haikuwa paka tena. Siku moja Brenda alikuwa anamenya viazi mlangoni pa sebule, beseni mkononi, akamwona mumewe amekaa wima, uso umemtoka jasho, na paja la kulia limebonyea, limebonyea kabisa, suruali imeingia ndani kama kuna makalio ya mtu mzima juu yake, na kutoka hapo mahali patupu palipokuwa usawa wa uso wa Leonard ikawa inasikika pumzi nzito inayokwaruza, ya mtu aliyekimbia mbali na ambaye pua yake imejaa damu, na harufu ya siki ikajaa chumba chote ikachanganyika na harufu ya machungwa yaliyomenywa na ya nyasi zilizokanyagwa, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa na nje kulikuwa na lami tupu. Kiazi kilimponyoka, kikabingiria chini ya kabati.

"Len," alinong'ona. "Ni nani huyo?"

"Usisogee."

"Anakuumiza?"

"Ni mzito, Brenda. Mungu wangu, ni mzito."

Baada ya nusu dakika sauti ya mwanamume ilisema kitu kwa mbali, kama kutoka bustani ya jirani, na ule mzigo ukajikaza, ukatetemeka, ukashindwa kuinuka. Ulibaki pale karibu saa nzima. Ulipoyeyuka, mguu wa Leonard ulikuwa umegeuka zambarau kuanzia gotini hadi vidoleni.

Daktari aliubonyeza mguu, akaubonyeza tena, akasema damu haifiki chini na haelewi kwa nini. Aliwaambia bila kuzunguka kwamba hali ikiendelea hivyo wiki mbili zaidi itabidi mguu ukatwe. Leonard alitania kwamba angalau atanunua soksi nusu bei. Walipofika kwenye gari alilia, na Brenda akamshika mkono, hakuna aliyewasha injini.

Brenda ndiye aliyemwita Mavis Darby. Mavis alikuwa anasafisha ofisi asubuhi na kutoa pepo jioni, mwanamke mfupi mwenye sigara ya kudumu mdomoni na sifa mji mzima. Aliingia, akanusa, akazima sigara mwenyewe bila kuambiwa.

"Huyu si wa nyumba hii," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ameitwa. Mzee, umemsema nani vibaya?"

"Mimi? Watu wote."

"Aliyekufa, nasema."

Brenda ndiye aliyejibu: "Kazi yake ndiyo hiyo. Kila Jumanne anawasema waliokufa, tena kwa wino."

Mavis hakutaka ubani wala maombi. Alisema mgeni huyo hatoki kwa maji wala kwa chumvi, kwa sababu amekuja kudai haki, na anayedai haki hafukuzwi kwa kelele. Winifred alipopigiwa simu na kuelezwa, hakuuliza maswali. Alipanda basi hadi kwenye hifadhi ya nyaraka akafanya lile ambalo kamati ilijikataza kwa miaka yote, akafungua kitabu cha maziko cha kanisa.

Alirudi kwa akina Tromans asubuhi ya Jumanne, Mavis akiwa amekwisha kufika, na sanduku la kadi kwapani, bado amevaa koti.

"Alizikwa siku mbili baada ya pambano," alisema. "Miaka ishirini na minne. Na kasisi ameandika pembeni. Nimeinakili: Kwa pigo la kichwa, akafia gotini kwa mwenzake kabla wakati haujaitwa."

Wote wanne walielewa. Msaidizi angeweza kufungwa kwa kifo kile, basi alimkumbatia maiti, akamwacha azomewe kwamba amekataa kuinuka, kisha akambeba kama mlevi. Na gazeti likaandika uongo ule, na Leonard Tromans akaupigia muhuri huku anacheka.

"Sasa futa," Mavis alisema.

"Sijawahi kufuta."

"Len!" Brenda alipiga meza. "Nitazika mguu wako peke yake kwa ajili ya kadi? Futa, mzee mwenye kiburi wewe, kabla sijaila hiyo kadi!"

Leonard alifuta. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupita kiasi, akishika toba aliishika kwa mikono miwili. Winifred alipendekeza waandike tu kwamba Hingley alishindwa kwa heshima. Leonard alikataa katakata.

"Maiti hasikii wito! Hawezi kushindwa kwa wito ambao hakuusikia. Kwa sheria zao wenyewe, raundi ya arobaini na moja haikuanza. Hakuna aliyeshindwa, hakuna aliyeshinda."

"Basi lazima nifute na ya Cope," Winifred alisema.

"Ifute!"

Wakaandika kwenye kadi zote mbili, kwa wino mweusi: Pambano halijaisha. Leonard na Winifred wakatia sahihi. Winifred aliwahi basi lake, na Mavis akarudi kwenye ofisi zake za kufagia, akakataa hata ujira.

Saa saba ilipofika, Leonard alikuwa kwenye kochi na Brenda amesimama nyuma yake, ameshika mabega yake. Joto likaja. Unyevu ukaja, na uzito, na ile pumzi. Sauti ya mwanamume ikaita waziwazi, ndani ya chumba hichohicho: "Wakati!" Na mzigo ukainuka. Uliinuka bila shida, kama kijana anayetoka kitini, na damu ikarudi mguuni kwa maumivu matamu hadi Leonard akapiga ukelele.

"Ameondoka! Brenda, ameondoka!"

Brenda alicheka na kulia pamoja. Akajibwaga kwenye kiti cha upande wa pili wa zulia, wakatazamana kama watu waliookolewa mtoni.

Ndipo waliposikia nyayo. Zilikuwa za watu wawili, zinazunguka juu ya zulia katikati yao, polepole, kisha kwa kasi, kisha ukasikika mlio mkavu wa mfupa juu ya nyama, na mwingine, na mtu akaguna, na meza ndogo ikasogea yenyewe, na harufu ya siki ikawa kali kiasi cha kuchoma macho, na hatimaye miili miwili iliyokumbatiana ikaanguka kwa kishindo kilichotikisa vikombe kabatini. Kimya. Halafu goti la Leonard likaelemewa tena, na alipoinua macho aliona sketi ya Brenda imebonyea.

"Len," Brenda alisema taratibu sana. "Kuna mtu amenikalia."

"Wakati!"

Uzito ukaondoka kwa wote wawili. Brenda alijaribu kusimama, lakini kabla hajasimama wima nyayo zilipita mbele yake akarudi kitini kwa woga, na kabla hajapata pumzi wale wawili walikuwa wameanguka na yule mwingine amemkalia upya, mzito zaidi, anamdondoshea kitu cha moto kwenye shingo. Raundi ya arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Brenda alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nyonga mbovu. Kwenye raundi ya arobaini na sita viatu vyake vilikuwa vimeanza kubana, na juu ya viatu ngozi ilikuwa zambarau.

"Mwambie aache," Brenda alilia. "Wewe ndiye unayewajua, Len, mwambie!"

Leonard aliwajua. Alijua kwamba watu wale hawakuacha kwa kuombwa, wala kwa damu, wala kwa jua kuzama. Waliacha kwa jambo moja tu, mmoja kutajwa kuwa ameshindwa, na aliyeshindwa alibaki gotini pale alipo. Kadi zilikuwa kwenye meza ndogo, kalamu juu yake. Angeweza kuandika jina la Cope. Ingekuwa ndiyo hukumu ya haki zaidi aliyowahi kuitoa, kwa kijana aliyesingiziwa miaka karibu mia mbili. Na Cope alikuwa amekaa juu ya mkewe.

Alinyoosha mkono akavuta kadi.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia yule aliyekuwa anahema begani pake. Akaandika: Hingley alishindwa.

Nyayo hazikuja tena. Sketi ya Brenda ikajinyoosha, naye akaruka kutoka kitini akajipapasa miguu, akaikanyaga sakafu kwa nguvu, moja, mbili, akaona inasikia. Juu ya goti la Leonard, kichwa kilicholowa kilimwegemea shingoni. Pumzi ilikwaruza mara chache, kila moja ikichelewa kuliko iliyotangulia, kisha haikuja nyingine, na lile joto likaanza kupoa.

"Ameondoka?" Brenda aliuliza. "Len? Na wako ameondoka?"

Leonard alimtazama mkewe, mashavu yamerudi rangi, nywele zimesimama huku na huku.

"Ameondoka," alisema. "Kaweke birika, mpenzi."

Brenda alikwenda jikoni. Alifungua maji, akaanza kuimba kwa pua wimbo wa harusi yao, vibaya kama kawaida yake. Leonard alizungusha mkono wake kwenye ule mgongo usioonekana, mpana, wa baridi, ili usidondoke.

"Chai tayari!" Brenda aliita. "Njoo uketi huku mezani, kile chumba sikitaki."

"Nakuja," Leonard alisema, na hakujaribu hata kuusogeza mguu.