Alama za Mkono kwenye Bastola ya Nyamai

Habari hii ni ya kaka yangu Nyamai, tumezaliwa tumbo moja, kwa hivyo usije ukasema nimeiokota kwa watu. Ilianza siku ya soko pale Emali. Jua lilikuwa kali, malori yamepanga foleni barabarani, nami nilikuwa saluni kwangu nikimpaka mteja rangi ya kucha. Nyamai akaingia akitabasamu kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Akapandisha shati kidogo. Kiunoni alikuwa na bastola mpya, nyeusi tititi.

"Ni ya bei nafuu, lakini haina tofauti na zile za matajiri," alisema. "Na leseni niko nayo. Sasa mwizi wa mbuzi akuje."

Nyamai alikuwa mchuuzi wa mbuzi, na pia shemasi kanisani. Wezi walikuwa wamevunja zizi lake kule nyumbani Kathonzweni zaidi ya mara moja, na hasira ilikuwa imemkaa kooni. Nilimwambia hiyo kitu itamletea balaa. Alinicheka. Yeye ndiye mkubwa, na tangu utotoni hakuwahi kushaurika.

Haukupita muda. Jioni moja, mbuzi wakiwa wamesharudi, alimuua mtu mlangoni mwa zizi. Aliyekufa alikuwa Muindi, kijana wa jirani yetu mama Kathini. Sote tulimjua Muindi. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila jambo, na kidole cha kati cha mkono huo kilikuwa nusu, maana kilikatwa na mashine ya kukatia ng'ombe majani alipokuwa mdogo. Nyamai aliwaambia polisi kwamba giza lilikuwa limeingia, hakumtambua, na kwamba jamaa alimrukia na panga. Risasi moja ilimpata pajani, ya pili kifuani. Panga lilikutwa kando yake. Polisi wakaandika kwamba kaka yangu alijitetea, na baadaye wakamrudishia bastola yake.

Sasa, kwetu mtu akimwaga damu ya mwenzake, hata kwa bahati mbaya, nyumba hizo mbili haziwezi kula pamoja mpaka wazee wazinyunyizie ng'ondu, ile dawa ya majani machungu na uchafu wa tumbo la mbuzi. Kabla ya kunyunyiziwa, aliyeua anasimama mbele ya wote na kueleza jinsi alivyoua. Mama Kathini alikuja kuomba hilo tu. Hakutaka ng'ombe wala kesi.

"Mimi nimeokoka, mama," Nyamai alimjibu. "Hayo mambo ya giza tuliacha."

Kisha, ili watu waone hana kinyongo, alienda matangani kwa Muindi na bastola kiunoni, akapakua sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na kula mbele ya mama aliyefiwa. Wazee waliinuka mmoja mmoja wakaondoka. Niliona aibu hadi machozi yakanitoka. Mama Kathini alikuwa akiitazama ile bastola.

Siku chache baadaye Nyamai aliniletea ile bastola saluni. Alitoa risasi, akaiweka juu ya taulo.

"Hebu ona, Mbithe. Kitu mpya na inachubuka. Nipakie hiyo rangi yako nyeusi."

Kazi yangu ni kucha, na rangi ya kucha huanza kutoka pale panapofanya kazi. Nilitegemea bastola ya kubebwa kiunoni ichubuke kwenye kingo, inaposuguana na mkoba wake. Hii kingo zake zilikuwa safi. Imechubuka ubavuni, kule mbele karibu na mdomo. Upande mmoja doa moja pana. Upande wa pili madoa manne, chuma cheupe kinaonekana. Nilipeleka mkono wangu wa kushoto taratibu, nikaona vidole vinaingia pale pale. Ni mtu aliyesimama mbele, akaukamata mdomo wa bastola. Doa la kidole cha kati lilikuwa fupi.

Nilirudisha mkono haraka.

"Nyamai," nilinong'ona, "siku ile Muindi alishika hii kitu?"

"Hakuishika."

"Niambie ukweli."

"Paka rangi, wachana na maneno."

Nilipaka, nikarudia tena. Kesho yake alirudi, uso umemshuka. Pale mbele palikuwa peusi vizuri, kama hapajawahi kuguswa. Madoa yalikuwa yamesogea nyuma.

Alilifungia lile lichuma kwenye sanduku la bati, ufunguo akampa mkewe, Kalekye. Walipofungua, madoa yalikuwa yamesogea tena. Kuitupa hakuweza, maana silaha yenye leseni haipotei hivi hivi bila wewe kulala ndani. Aliipeleka kituoni, askari wakacheka. "Umenunua ya bei rahisi, sasa unalia nini?" Akarudi nayo nyumbani.

Ule mkono ulikuwa unaigeuza bastola. Siku kwa siku ulitambaa ubavuni ukielekea kwenye mpini. Mwisho, vidole vilikuwa vimezunguka mpini kabisa, na doa jipya lilikuwa limeanza kutokea kwenye kifyatulio. Kalekye alilia kwa sauti. Watoto wanalala nyumba ile. Mimi nilimshika kaka yangu shati.

"Enda kwa mama Kathini. Enda leo. Hiyo alama ikifika utakufa."

Kwa mara ya kwanza maishani alinisikiliza. "Mwite mzee Mutisya aje na ng'ondu," alisema.

Tulikutana asubuhi, kwenye mpaka wa boma hizo mbili. Mbuzi alichinjwa. Mzee Mutisya alichanganya dawa yake ndani ya kibuyu. Mama Kathini aliketi chini, miguu imenyooshwa, shuka mabegani. Bastola ililazwa juu ya ngozi ya mbuzi, ingali na damu mbichi. Nyamai alizitoa risasi zote mbele yetu na kunipa mimi. Nilizifunga kwenye leso, nikakaza fundo.

"Sema ulivyomuua," mzee alisema. "Usifiche kitu. Ng'ondu haioshi uongo."

Nyamai alimtazama Kalekye. Akatazama kule kanisa lilipo. Nilimwombea kimya kimya. Sema tu, mwana wa mwaitu, mwana wa mama, sema.

"Kulikuwa na giza," alisema. "Sikumtambua. Alinirukia na panga."

Mzee Mutisya aliweka kibuyu chini.

Mkono wa kushoto wa Nyamai ukainuka. Kaka yangu si wa kushoto. Hata kijiko hawezi kukishika kwa mkono huo. Kidole cha kati kilikuwa kimejikunja katikati, kigumu. Mkono ukashuka kwenye ngozi, ukaikamata bastola pale mdomoni.

"Mbithe," alisema. "Si mimi. Shika huu mkono!"

Niliruka, nikamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote. Kilikuwa baridi. Mkono ulitambaa nyuma, kidole kwa kidole, njia ile ile ya yale madoa. Ukafika kwenye mpini. Ukajigeuza. Kalekye akapiga yowe. Niling'ang'ana. Hapo nikahisi vidole vya mtu vikinishika mimi kwenye kifundo cha mkono. Vinne. Kimoja kifupi. Vikaniondoa pale, polepole, jinsi unavyomtoa mtoto karibu na moto.

Mlio.

Paja la Nyamai lilipasuka. Nyama na mfupa vilitokeza kwenye suruali, na damu ilinirukia mdomoni. Alianguka juu ya ngozi ya mbuzi. Leso ilikuwa bado mkononi mwangu, fundo limekaza.

"Nasema!" alilia. "Nasema! Kulikuwa na mwanga! Alikuwa anarudisha mbuzi wangu aliyepotea. Nilimpiga ya mguu kabla sijaangalia vizuri. Akashika mdomo wa bastola, akaniambia, ni mimi, Nyamai, ni mimi Muindi, usiniue. Nilimjua. Nilimjua! Nikaona atanishtaki. Panga ni langu, niliweka mimi."

Mama Kathini alifunika uso na shuka yake. Hakulia. Mzee alinyanyua kibuyu haraka, dawa ikamwagika chini.

Ule mkono ukaielekeza bastola kifuani. Nyamai aliukamata mdomo wa bastola kwa mkono wa kulia.

"Ni mimi," alinong'ona. "Ni mimi, Nyamai. Usiniue."

Mlio wa pili ulimtoboa hadi mgongoni. Miguu yake ilipiga udongo kidogo. Kisha ikatulia.

Nilifungua leso. Risasi zote zilikuwamo.

Polisi walikuja. Niliwaeleza yote, askari akanitazama kwa huruma na kuandika kwamba bastola ilifyatuka ikisafishwa. Aliigeuza geuza kwenye mwanga wa jua. "Mbona hii ni mpya kabisa?" alisema. "Hata mkwaruzo haina." Ilikuwa nyeusi tititi, kama siku ile aliponionyesha saluni.

Jumamosi tunamzika. Kalekye ameniomba nisome wasifu wa marehemu, na kwenye wasifu huo Nyamai amekufa kwa ajali. Anataka watoto wasichekwe shuleni, na mchungaji amekubali. Simlaumu. Mimi pia nampenda kaka yangu, na moyo unaniuma nikikumbuka alivyocheka akipandisha shati. Lakini tangu siku ile kifundo cha mkono wangu kina alama. Ngozi imepoteza rangi pale niliposhikwa, nyeupe, vidole vinne, kimoja kifupi. Nimepaka mafuta, nimesugua na ndimu, haitoki.

Jana nilijaribu kuusoma ule wasifu kwa sauti, peke yangu saluni, mlango wazi, mchana kweupe. Nilipofika kwenye "ajali", mkono uliingia baridi. Nikaweka karatasi chini, nikatazama. Kifundo kilikuwa kimerudisha rangi yake, laini, kama hakijawahi kuguswa.

Nikapandisha mkono wa blauzi. Vile vidole vilikuwa juu ya kiwiko.