Chiriku Ajifunza Kunyamaza

Zahanati ilipofunguliwa asubuhi, Chiriku alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa nesi. Alikuwa mkalimani.

Wazazi wake walimpa jina lingine. Watu walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema mapema, na mpaka leo hajapumzika.

Jamii yake ndiyo ya kwanza kuishi katika milima ile. Ni watu wachache na wana lugha yao. Wazee wengi hawajui lugha nyingine, na manesi wote walitoka mbali. Zamani mzee akiulizwa, "Unaumwa wapi?" aliitikia tu kwa kichwa, kwa adabu. Bibi yake Chiriku aliwahi kwenda na maumivu ya kifua, akarudi na dawa ya tumbo. Alipona, lakini kwa taabu. Tangu hapo Chiriku akaamua kuwasemea watu wake.

Sasa chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi. Nyumba nzima ilifurahi, isipokuwa yeye.

"Mama, siendi," alisema siku moja, wakifagia uani.

Mama yake aliacha kufagia. "Huendi? Utakuwa nesi wa kwanza wa jamii yetu, halafu huendi?"

"Nikiondoka, nani atawasemea wazee?"

"Si uwafundishe wenzako?"

"Nimefundisha wawili. Wamekimbia."

"Wamekimbia, au umewafukuza kwa huo mdomo?"

Chiriku alinuna. Lakini kesho yake alimpeleka zahanati mtoto wa mama yake mdogo, msichana waliyemwita Kobe. Shuleni Kobe alichekwa kwa lafudhi ya nyumbani, ndiyo maana alitafuna kila neno kabla ya kulitoa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Nesi aliuliza, "Mtoto ameanza kuhara lini?"

Kobe alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Chiriku ameshauliza, ameshajibiwa, na ameshamweleza nesi. Kwa mgonjwa wa pili ikawa hivyo hivyo. Kwa wa tatu, Kobe hakujisumbua hata kufungua mdomo.

Walipotoka, Kobe alisema, "Dada, kesho siji."

"Kwa nini?"

"Unanihitaji wa nini? Hata kiti kingetosha pale."

Chiriku alirudi ndani karibu kulia. Nesi, mama wa makamo mwenye kicheko kikubwa, alikuwa ananawa mikono.

"Wa tatu huyu," Chiriku alisema. "Vijana wetu hawataki kazi."

Safari hii nesi hakucheka. "Keti, mwanangu. Wewe ulijifunzaje kazi hii?"

"Kwa kufanya tu. Nilikosea, ukanirekebisha."

"Nilikurekebisha mbele ya wagonjwa?"

Chiriku alifikiri. "Hapana. Ulisubiri watoke."

"Basi na wewe fanya hivyo. Kwanza mwenzako akutazame. Hilo umefanya, tena umezidisha. Sasa afanye yeye, wewe utazame. Mgonjwa akitoka, mwambie alichofanya vizuri, kisha alichosahau. Akizidiwa, atakuomba msaada mwenyewe."

"Na akikosea dawa?"

"Mimi nipo. Dawa haitoki mpaka nimrudishie mgonjwa maneno yake, kupitia kwenu, na akubali. Chiriku, unawapenda watu wako, naliona hilo. Lakini ukishika kila kitu peke yako, siku ukiugua na kazi inaugua. Kiongozi huandaa wenzake."

Jioni Chiriku alikwenda kwa Kobe kumwomba radhi. Kobe alisikiliza, akatafuna maneno yake, kisha akasema, "Nitarudi mara moja. Ukinidakia tena, basi."

Asubuhi nesi alimpa Chiriku rundo la vitambaa vya vidonda. "Vikunje hivi pale pembeni. Na ulimi nao uukunje."

Mgonjwa aliyeingia alikuwa shangazi yake Chiriku, dada wa baba yake. Alikuwa na shinikizo la damu. Nesi alimpima, akakunja uso.

"Bado liko juu. Muulize kama anakunywa dawa."

Chiriku alijua jibu. Kila mara alisema, "Ndiyo, anakunywa vizuri," maana shangazi hakuwa mtu wa kukataa dawa. Maneno yalimfika kooni. Akakunja kitambaa kwa nguvu.

Kobe hakujua jibu. Basi akauliza, pole pole, kwa lugha ya nyumbani.

"Shangazi, dawa unakunywaje?"

"Kichwa kikiuma, nakunywa. Kisipouma naiweka. Mtu mzima gani anakunywa dawa na haumwi?"

Kobe alimweleza nesi jibu lote, bila kuongeza wala kupunguza. Nesi aliweka kalamu mezani.

"Nilikuwa karibu kumwongezea dawa! Mwambie hivi. Ugonjwa huu haupigi hodi. Unaweza kuwa mbaya na kichwa kisiume. Dawa anywe kila siku, hata akijisikia mzima. Asiache bila kutuuliza. Na apunguze chumvi."

Chiriku hakuweza kujizuia. "Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?" shangazi alimjibu. "Kila nikija unasema wewe. Mimi nimekuja kukaa tu."

Maneno hayo yalimuuma Chiriku. Aliyetaka kuwa mdomo wa watu wake alikuwa amewafunga midomo yao.

Kobe alimweleza shangazi maneno ya nesi. Shangazi alipotoka, Chiriku alimshika Kobe mkono. "Umefanya vizuri kuliko mimi. Umeuliza, ukasubiri jibu. Kuna neno moja tu umesahau."

"Lipi?"

"Chumvi."

Kobe, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alimkimbilia shangazi mpaka barabarani.

Walifanya kazi hivyo wiki baada ya wiki. Kobe alikosea, wakazungumza, akarekebisha. Alijifunza pia kwamba yanayosemwa chumbani kwa nesi hayatoki nje, hata mama yako akikubembeleza. Siku ya kwenda chuoni ilipofika, Chiriku alilia, lakini alikwenda.

Alirudi wakati wa likizo. Hakwenda nyumbani kwanza, alipita zahanati. Njiani alikutana na shangazi, aliyemwambia kwamba sasa anakunywa dawa kila siku na shinikizo limeshuka.

Mlangoni kwa nesi palisimama msichana mdogo ambaye Chiriku hakumjua. Ndani, Kobe alikuwa amekaa pembeni, kimya, akimtazama mwanafunzi wake huyo. Msichana alikuwa wa kijiji cha ng'ambo ya mlima, wala hakumjua Chiriku.

"Karibu, dada," msichana alisema kwa lugha ya nyumbani. "Usiogope. Mimi nitakusemea kwa nesi. Una shida gani?"

Chiriku alimtazama Kobe. Kobe alitikisa kichwa kidogo: mwache.

"Sina shida," Chiriku alijibu kwa lugha ile ile. "Mwambie nimekuja kumsalimia. Mwambie nimemkumbuka sana."

Msichana alimgeukia nesi, akajiweka sawa. "Anasema hana shida. Amekuja kukusalimia. Anasema amekukumbuka sana."

Nesi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Chiriku naye yalimtoka, lakini hakusema kitu. Alimsubiri msichana amletee jibu.